Jiwe Nililolisugua

Jumatatu, 6 Januari

Kuna jambo sijamwambia mtu. Si mama, si kaka, si hata rafiki yangu tuliyekaa naye dawati moja miaka minne. Maji yakipwa, nikiaga kwamba naenda kuosha ndoo za samaki, ndoo naziosha haraka haraka kisha naziacha ufukweni. Naingia baharini mpaka kiunoni, natembea hadi kwenye mwamba wa ndani, nasugua jiwe.

Nalisugua kwa kibao cha kuparia samaki, kile chenye vizibo vya soda vilivyopigiliwa misumari. Nimekiiba mezani kwa mama, pale anapouzia samaki. Yeye anadhani kimepotea na amekwisha kutengeneza kingine.

Najua inavyosikika. Ndiyo maana naandika badala ya kusema. Mwamba wetu umefunikwa na mwani wa kahawia, mrefu, unaoteleza kama tambara la deki lililosahauliwa ndani ya ndoo. Muhula wa mwisho mwalimu wa bayolojia alituambia mwani ukifunika mawe, matumbawe machanga hayana pa kushika. Akasema wanaoupunguza ni samaki wanaokula majani, yaani pono, tasi na kangaja. Akauliza nani amewaona karibuni. Mimi nilikuwa nimewaona asubuhi ile ile, mezani kwa mama, matumbo wazi. Sikuinua mkono. Sijawahi kuinua mkono.

Sasa shule imekwisha, matokeo ya mtihani hayajatoka, na mikono yangu haina kazi mchana. Nikaona nijaribu jiwe moja tu.

Jumatano, 8 Januari

Matokeo bado. Nimechomwa na mwiba wa tasi. Kidole kinapwita.

Alhamisi, 9 Januari

Leo kaka ameleta pono wengi. Mama anapara, mimi natumbua. Tumbo la pono halifanani na la samaki mwingine: ndani kuna uji mweupe, kama chaki iliyolowa, kwa sababu anakwangua jiwe kwa ule mdomo wake mgumu, anameza mwani na jiwe pamoja. Nilikuwa naona kinyaa. Sasa kila nikiupasua mfuko ule najiuliza ni jiwe gani lilikuwa linasafishwa jana, na leo halina wa kulisafisha.

Redio naye alikuwepo. Redio ni jirani yetu wa meza, wanamwita hivyo kwa sababu hazimwi.

"Mama, hawa si pono, hawa ni vidole," alisema. "Enzi zetu pono mmoja anajaza meza, mkia unaning'inia."

"Enzi zako ulikuwa mfupi," mama akamjibu. "Kila kitu kilikuwa kirefu."

Wakacheka. Mimi nilikuwa nimeshika pono mdogo wa buluu. Wale wa buluu ndio madume. Wanazaliwa wa kahawia, majike wengi wao, wakikua sana ndipo baadhi wanageuka. Huyu alikuwa ameshageuka na bado anaenea kiganjani. Kama mtoto aliyevalishwa koti la marehemu baba yake kwa sababu hakuna mwingine wa kulivaa. Nilitaka kuwaonyesha. Nikamtumbua, nikamweka kwenye sinia.

Jumanne, 14 Januari

Maji yalikwenda mbali sana leo, nikapata muda mrefu. Mwani haukwanguki kama magamba. Unaung'oa, unabaki mzizi. Unasugua mzizi, unabaki ukungu wa kijani. Unasugua ukungu, ndipo unaona jiwe, jeupe lenye waridi kwa mbali. Vizibo vinaacha mikwaruzo. Pale penye matumbawe hai sigusi.

Mabega yananiuma, na nilichosafisha ni kama sinia mbili. Nilipoinuka nikatazama mwamba wote mpaka unapoishia. Nikaona aibu, kama mtu aliyekwenda kuzima moto na kikombe.

Ijumaa, 17 Januari

Kaka ananitisha. Si kwa ukali. Kaka yangu si mkali. Tangu baba afariki ndiye anayetulisha na ndiye aliyenisomesha. Dikoni, pale samaki wanaposhushwa na kuuzwa, wanamwita Kurunzi. Anazama usiku na taa na mkuki, na anarudi alfajiri ndoo imejaa. Pono usiku amejibanza kwenye tundu la mwamba, amejifunika utando wake kama chandarua, hasikii wala haoni. Tunasema mtu amelala usingizi wa pono; kaka ndiye anayejua maana yake kwa mkono wake. Akirudi naye analala usingizi huo huo mpaka adhuhuri, mdomo wazi, na mimi nampitia kwa kunyata.

Leo hakulala. Mwenyekiti wa kamati ya wavuvi ametoa pendekezo: kwenye mwamba wa ndani, pono, tasi na kangaja wasiguswe mpaka msimu kama huu mwakani. Si kwa mkuki, si kwa wavu.

"Mzee amechoka kuvua, anataka sote tuchoke," kaka alisema, akila kwa hasira. "Mwani umeletwa na maji machafu yanayomwagwa kutoka mjini. Kila mtu anayaona. Pono wana kosa gani?"

"Yeye hajasema wana kosa," mama akasema. "Amesema waachwe."

"Tule nini, mama?"

Mama akaacha kula. Akaniangalia mimi, kama vile jibu liko kwangu. Nikainuka kuosha vyombo vilivyokuwa visafi.

Jumamosi, 18 Januari

Matokeo bado.

Jumanne, 21 Januari

Upepo, maji hayakupwa vizuri. Nimeingia hadi kifuani. Pembezoni mwa sehemu niliyosafisha mwani umeshaanza tena, laini kama ndevu za mvulana. Nimesugua upya. Sijui nitaacha lini. Nikikosa siku moja nahisi kama nimeacha jiko linawaka.

Jumatano, 29 Januari

Naandika haraka, mwandiko utakuwa mbaya.

Kaka ameingia asubuhi na hakwenda kulala. Alikuwa anacheka. Sijamwona akicheka hivyo tangu pendekezo lile.

"Mama, njoo usikie. Nimerudi kwa miguu, maji yamekwenda mbali, nikakatiza mwamba wa ndani. Nimeona jiwe, safi. Limeng'aa kama sahani. Ukubwa wa meza yako ile."

"Safi vipi?"

"Safi, mama. Mwani hakuna. Na hakuna aliyefunga chochote, tunavua kila siku. Mwamba unajisafisha wenyewe. Ni majira tu, yamekuja yataondoka. Nitawapeleka kamati yote wakaone kwa macho yao, tuone Mwenyekiti atasema nini."

Mimi nilikuwa na sufuria mkononi. Nikaiweka chini polepole sana, isilie.

"Na wewe mbona umekauka?" kaka akaniuliza. "Furahi basi. Utaendelea kula."

Nikatabasamu. Mdomo ulinibana kama umeshonwa.

Asubuhi hiyo hiyo nilikuwa nimepanga kwenda kusugua. Nilikwenda. Nikasugua, kwa mazoea, kama mtu anayeuma kucha, na katikati nikagundua ninachofanya. Kila ninapopitisha kibao nampa kaka ushahidi. Nimesugua ili pono waachwe, na jiwe langu ndilo litakalowamaliza. Nimekitupa kibao kwenye maji ya kina. Halafu nikasimama pale kama mjinga, maji kiunoni, nikitamani mwani uote.

Alhamisi, 30 Januari

Redio ameshatangaza diko zima. Wanaume wanampigapiga kaka begani. "Kurunzi ameona jiwe." Kuna waliokwenda kuliona na wamerudi wakitikisa vichwa. Kamati itakwenda rasmi bamvua ijayo, maji yakipwa sana tena. Wakiridhika, pendekezo linatupwa.

Nimeshindwa kula. Mama amenigusa paji la uso.

Jumamosi, 1 Februari

Nimemwambia.

Nilimkuta nyuma ya nyumba ananoa ncha ya mkuki. Nilikuwa nimefanya mazoezi ya sentensi, ndefu, yenye samahani nyingi. Ikatoka fupi.

"Kaka, lile jiwe nimelisugua mimi."

"Jiwe gani?"

"Lile safi. Kwa kibao cha mama."

Akaendelea kunoa kidogo. Kisha akacheka, kisha akaniona uso. "We mtoto, usinitanie. Siku hizi natamani kutaniwa, lakini si hivyo."

"Sikutanii."

"Mtu gani anasugua bahari?"

Nikamwambia twende akaone. Tulikwenda na kibao kipya cha mama, tukamwachia mama meza na uongo. Pembeni mwa jiwe langu kuna jingine lenye mwani mzito. Kaka akakaa juu ya mwamba, mikono kifuani. Nikaanza. Nikang'oa, nikasugua mizizi, nikasugua ukungu. Maji yakaanza kurudi, yakanifika mbavuni, na mimi nilikuwa nimemaliza pahali pa kutosha kuweka bakuli. Viganja vilikuwa vimechubuka.

"Basi," akasema. "Basi, toka."

Tukatembea kurudi. Karibu na ufukwe akauliza, bila kunitazama, "Na pono anafanya hivi kila siku?"

"Kila siku, kutwa nzima. Ndiyo kula kwake."

Akatembea hatua kadhaa. Nilidhani amelainika. Nilikosea.

"Sikiliza. Nimesimama mbele ya watu wazima nikasema mwamba unajisafisha. Wakijua ni mdogo wangu na vizibo vya soda, sitaweza kukanyaga diko hili tena. Watanicheka mpaka wajukuu. Usimwambie mtu. Si mama, si Redio, si paka."

"Kwa hiyo utawapeleka?"

"Nimeshasema nitawapeleka."

"Kaka, ni uongo."

"Nilipousema haukuwa uongo," akasema, na akaniacha nibebe ndoo zote mbili.

Jumatatu, 3 Februari

Kaka hasemi nami. Ananiambia "chumvi" akitaka chumvi.

Alhamisi, 6 Februari

Matokeo bado. Watu wote wanadhani ndiyo yanayonikosesha usingizi. Mama ameniambia nikifeli si mwisho wa dunia. Nimemkumbatia kwa sababu sikuweza kumwambia lolote.

Nilikuwa naona mambo kwa wepesi sana. Nilidhani kuna watu wanaoharibu na watu wanaotengeneza. Leo nimemtazama kaka akilala mchana. Masikio yake yanatoa maji kwa sababu ya kuzama, miguu ina makovu ya mwamba. Amewatoa pono kwenye matundu yao ili mimi nikae darasani nifundishwe kwamba pono wasitolewe. Sijui nimchukie kwa lipi.

Jumatatu, 10 Februari

Nimekwenda kuliangalia jiwe. Mwani umeota, lakini ni manyoya tu, ukipitisha kidole unatoka. Hautoshi. Kwa mbali bado linaonekana safi kupita mengine yote. Zimebaki siku chache na mimi naliombea jiwe uchafu.

Alhamisi, 13 Februari

Naandika yote kama yalivyokuwa, maana kesho nitaanza kuyatilia shaka.

Mwenyekiti alisema yeyote anayekula kutokana na mwamba aje aone, kwa hiyo hata wanawake wa meza tulikwenda. Msafara mrefu, suruali zimekunjwa, Redio amejifunga kanga kifuani, anauliza kila hatua kama kuna miiba. Kaka alikuwa mbele. Mimi nilikuwa nyuma ya mama.

Jiwe lilikuwa pale, limetokeza nusu. Jeupe, na ukungu mwembamba wa kijani juu yake.

"Hilo hapo," kaka akasema. Sauti yake haikuwa ile ya siku ya kwanza. "Mnaliona. Hatujafunga kitu."

Wanaume wakanong'ona. Mmoja akasema, "Kweli bwana, Kurunzi hakudanganya." Katibu wa kamati, mtu mwembamba asiyeamini hata salamu, akalizunguka jiwe mara mbili.

Mwenyekiti akasogea mbele. Sikio lake moja halisikii tangu ujana wake wa kuzama, kwa hiyo huwa anainamia mambo badala ya kuyasikiliza. Akainama. Akapitisha kidole gumba juu ya ule ukungu, ukatoka. Akapitisha tena. Akaita wote wasogee.

"Hii mnaiona?"

Ilikuwa mikwaruzo yangu. Mifupi, iliyopinda, miwili miwili, mitatu mitatu, jiwe zima. Meno ya vizibo.

Nilimshika mama mkono.

"Jiwe halijajisafisha," Mwenyekiti akasema. "Haya ni meno. Ni pono huyu. Tazameni alivyouma, hapa, na hapa, na hapa. Mimi nimeyaona haya nikiwa kijana, kila jiwe lilikuwa hivi. Nilidhani sitayaona tena."

Akafuta machozi kwa mgongo wa mkono. Mtu mzima yule. Nikatamani maji yanifunike.

"Au kuna mtu kakwaruza," Katibu akasema.

Kisha Redio akasema, "Nani? Aje na sabuni?" Na watu wote wakacheka. Mama alicheka mpaka akafuta macho. Katibu mwenyewe akacheka. Nikacheka na mimi, nimechelewa, peke yangu, wengine wameshamaliza.

Mwenyekiti akamgeukia kaka. "Wewe ndiye unayemjua pono kuliko sisi wote. Umemshika mdomo mara nyingi kuliko ulivyomshika mkono mama yako. Haya ni meno yake au si yake?"

Kaka alinitazama. Ilikuwa mara ya kwanza tangu ile siku. Niliona anapima, na nilijua anachopima: akisema si yake, ataulizwa ni ya nani. Nikafungua mdomo niseme mimi. Naapa nilifungua. Ulibaki wazi tu, hakuna kilichotoka.

"Ni yake," kaka akasema.

"Basi pono wawili watatu waliobaki wamefanya yote haya," Mwenyekiti akasema. "Hebu fikirini wangekuwa wengi."

Walipiga kura pale pale, maji yakianza kurudi miguuni. Mwamba wa ndani umefungwa kwa pono, tasi na kangaja mpaka mwakani. Kaka naye aliinua mkono. Aliuinua kama mtu anayepunga kwaheri.

Ijumaa, 14 Februari

Redio anaigiza Mwenyekiti akigusa jiwe. Anaigiza vizuri.

Jumapili, 16 Februari

Nilimwambia kaka siwezi kunyamaza. Yule mzee alitokwa na machozi kwa ajili ya vizibo vya soda. Nitakwenda kwake, nitamwamkia, nitasema.

Alikuwa anafunga ndoana kwenye mshipi. Sasa atakwenda nje ya mwamba mchana, kama wengine. Samaki wa huko wanataka subira, naye subira hana.

"Ukisema watacheka," akaniambia. "Sawa, tucheke wote. Wakimaliza kucheka watachukua mikuki. Ndicho unachotaka?"

"Sitaki. Lakini amedanganywa."

"Amedanganywa kuhusu jiwe. Kuhusu pono hakudanganywa. Mimi ndiye niliyekuwa huko chini kila usiku, mdogo wangu. Zamani nilikuwa nachagua. Mwaka huu nilikuwa natafuta." Akauma uzi, akaukata. "Mwaka mmoja. Halafu tutaona. Na usinitazame hivyo, sijawa malaika. Nimesema ni yake na nikainua mkono kwa sababu ulikuwa umefungua mdomo useme."

Ijumaa, 21 Februari

Matokeo yametoka. Nimefaulu. Mama amelia, meza zote zimenipigia makofi. Sinia yetu ilikuwa na samaki wachache sana.

Ijumaa, 28 Februari

Ninaogopa kitu kipya. Pono wasiporudi, mwakani watamuuliza Mwenyekiti meno yale yalikwenda wapi. Watauliza nani aliapa kuwa ni meno, na watamtazama kaka. Nyumba yetu itakuwa imekula kidogo mwaka mzima bure. Nalala na hesabu hiyo, naamka nayo.

Leo kaka aliniazima miwani yake ya kuzamia bila kuuliza ya nini. Nilikwenda mikono mitupu. Jiwe langu sasa ni la kijani, linaelekea kahawia, na niliikunja mikono kifuani nisiliguse. Nikazamisha kichwa.

Niliona mwani. Niliona visamaki vya kahawia visivyofika urefu wa kidole, sijui ni watoto wa samaki gani. Nilikuwa nakaribia kuishiwa pumzi niliposikia sauti, ng'wa, ng'wa, kavu, kama mtu anayetafuna barafu upande wa pili wa ukuta. Nikatoka, nikavuta hewa, nikarudi. Ikaja tena, mara moja. Sikuona kama ni pono anayeuma jiwe. Inawezekana ni kaa. Inawezekana ni meno yangu mwenyewe, maana nilikuwa natetemeka. Nilibaki pale mpaka maji yakanifika mabegani, na haikurudi.

Kama umeyasoma haya, wewe ni mtu wa tatu kujua. Hata ukikutana na Mwenyekiti akisimulia jinsi alivyoyagusa meno yale, itikia kwa kichwa, muulize yalikuwa makubwa kiasi gani. Usicheke. Ukicheka ataelewa, na mwaka wa kufunga mwamba haujafika hata nusu. Nakuomba unyamaze.